Hiyo Rangi Nyeusi Chini ya Ndai Inaficha Nini?

Kama uko sokoni unatafuta gari yako ya kwanza, na muuzaji anakuambia kwa furaha, "Hii tumeipiga andakoti, bosi, chini iko safi kama mpya," fanya hivi: mshukuru, mpe mkono, enda yadi nyingine.

Najua hii posti itaudhi watu. Hizo video zimejaa kila mahali. Gari inainuliwa, chini ni kijivu, matope na vumbi la miaka, fundi anapita na bunduki yake ya rangi, na dakika moja baadaye kila kitu ni cheusi ti na kinang'aa. Muziki unapanda, watu wanamwaga mioyo kwenye komenti. Wengine wanaozitengeneza nawajua, na malipo yao ni kupuliziwa gari bure. Hata mimi gereji moja iliniandikia ikitaka niwafanyie tangazo. Nikawauliza swali moja tu: kabla ya kupuliza, mnaosha na kukausha gari kwa muda gani? Wakanijibu kwa majivuno, "Dakika arobaini kazi yote imeisha, kiongozi." Dakika arobaini! Hata jeans haikauki dakika arobaini. Hiyo stori ikaishia hapo.

Sisemi andakoti ni kitu kibaya. Ni dawa, na kama dawa yoyote inategemea umempa nani, lini, na ugonjwa gani. Ninachokataa ni hii tabia ya kupuliza gari kuukuu wiki moja kabla ya kuuzwa halafu unaiita ulinzi. Gari ambayo imeishi miaka saba bila hiyo rangi, ghafla inahitaji kulindwa siku tatu kabla nije kuiona? Inalindwa na nani? Na mimi?

Tuanzie hizi ndai zinakotoka. Gari nyingi tunazonunua ni mitumba ya Japan. Sheria yetu inasema gari isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo zinazofika huwa zimeshaendeshwa huko miaka sita, saba hivi. Sasa, Japan si nchi moja kihali ya hewa. Okinawa kuna joto na hewa ya bahari. Hokkaido na kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, pale Aomori, Akita, Niigata, theluji inashuka kwa mita. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye vyuma vidogo vya kushika barafu, lakini yalikuwa yanakwaruza lami na kujaza hewa vumbi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakapigwa marufuku. Baada ya hapo, umwagaji wa chumvi barabarani ukaongezeka. Chumvi ya kawaida na nyingine inaitwa kloridi ya kalsiamu. Zote zinayeyusha barafu, na zote zinarushwa na matairi hadi chini ya gari, zinaingia kila kona, kila mshono, kila tundu.

Chumvi yenyewe haili chuma kama watu wanavyodhani. Kutu inatokea chuma kikikutana na maji na oksijeni, basi. Kazi ya chumvi ni kufanya hayo maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni mchezo wa umeme mdogo mdogo ndani ya chuma, kwa hivyo kila kitu kinaenda kasi. Halafu ile ya kalsiamu ina tabia mbaya zaidi: inavuta unyevu kutoka hewani. Yaani gari imepaki, mvua hakuna, na bado chini kuna unyevu. Hiyo chumvi isipooshwa, inaabiri meli na gari, inafika Mombasa, inapanda hadi Nairobi, inaendelea na kazi yake kimya kimya.

Wauzaji wengine wakiona umegundua kutu wanakuambia, "Hiyo ni kutu ya meli tu, chumvi ya bahari." Zii. Magari haya mengi husafiri ndani ya tumbo la meli, yamepangwa sakafu juu ya sakafu kama paking ya jumba kubwa la maduka. Wiki chache za safari hazitoboi bati. Bati lililotoboka lina historia ndefu kuliko hiyo.

Haya, sasa chukua gari kama hiyo. Kutu imeshaanza kwenye kile kizingiti kirefu cha chini ya milango, kwenye vishikizo vya saspensheni ya nyuma, kwenye paipu za breki. Mtu anakuja na lami au mpira wa kupuliza anafunika kila kitu. Nini kinaendelea chini ya hilo tabaka? Unyevu uliokuwa pale umefungiwa. Chumvi imefungiwa nao. Kutu huwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hivyo inavimba, inainua rangi, rangi inapata ufa kama uzi, maji yanaingia kwa huo ufa, na sasa hayana pa kutokea. Kwa nje bado unaona weusi mtamu. Kwa ndani ni biskuti.

Halafu kuna jambo ambalo hizo video haziwezi kukuonyesha hata zikitaka. Kizingiti cha gari kiko wazi ndani, ni kama sanduku refu la bati. Kutu mbaya zaidi huanzia ndani ya hilo sanduku, ikitoka nje. Rangi unayopuliza kwa nje haifiki huko kabisa. Ni kama kupaka ukuta rangi ilhali mchwa wako ndani ya mbao.

Binamu yangu alinunua gari ndogo mwaka jana, katika yadi moja hapa mjini, ya kufanyia kazi ya teksi za simu. Pesa ilikuwa ya sacco ya mathe yake na nyingine ya chama cha marafiki zake. Alifanya kila kitu alichoambiwa afanye: alienda na fundi, injini ikasikizwa, giaboksi ikajaribiwa, kilomita zikaangaliwa. Chini ilikuwa nyeusi, safi, inanukia rangi. Yule fundi akainama, akamulika na simu sekunde tano, akasema, "Chini iko poa, hata wameishughulikia." Miezi minne baadaye akapata pancha Thika Road, akaweka jeki mahali pale pale kitabu cha gari kinasema iwekwe, na badala ya gari kupanda, jeki ikapanda. Ikaingia ndani ya gari. Kwa gereji walipokwangua ile rangi wakakuta wavu wa aluminiamu umezibwa kwa puti, na juu yake ndiyo ile andakoti. Paipu moja ya breki ya nyuma ilikuwa imekonda kiasi kwamba fundi aliikunja kwa vidole ikakatika.

Hebu fikiria hiyo paipu ingekatika yeye mwenyewe akiwa na abiria watatu, anashuka mteremko. Pedali inazama hadi chini na hakuna kitu.

Alikaa wiki tatu bila kazi, bati likichomelewa, na mkopo wa sacco haukungoja. Alipowapigia wenye yadi wakamwambia gari iliuzwa kama ilivyo. "Uliangalia mwenyewe, boss." Hapo ndipo nilipandwa na hasira ya kuandika hii kitu, kwa sababu hiyo sentensi ni uongo kamili. Hakuangalia gari. Aliangalia rangi. Walihakikisha hakuna kitu kingine cha kuangalia.

Na kama unafikiri hii ni mambo ya sura tu, kumbuka gari ndogo za siku hizi hazina chesi ya peke yake kama pikapu au lori. Bodi ndiyo chesi. Kile kizingiti ndicho kinashikilia gari isijikunje katikati, na ukigongwa kwa ubavu ndicho kinasimama kati yako na bampa ya mwenzako. Mikanda ya viti imefungwa kwa boliti kwenye bati hilo hilo la chini. Boliti iliyoshikwa na bati la biskuti haishiki mtu.

Sasa nifike kwa mtu anayesema, "Lakini hata Wajapani wenyewe hupaka chini rangi nyeusi." Kweli kabisa, na ni pointi nzuri. Gari ya kibinafsi Japan hupitia ukaguzi unaoitwa shaken, wa kwanza baada ya miaka 3 halafu kila miaka 2, na gereji nyingi huko zikishaosha chini hupiga rangi nyeusi. Kwa hivyo si kila weusi ni utapeli. Tofauti inaonekana ukitulia. Rangi ya zamani imechakaa sawa na gari, ina vumbi lililokaa, ina mikwaruzo ya mawe. Ile ya juzi iko juu ya kila kitu: imepita juu ya boliti, juu ya mpira wa bushi, juu ya stika za kiwanda, juu ya egzosi, na wakati mwingine juu ya matope. Nimeona matope yaliyopakwa rangi, wasee. Unachokora na ukucha, weusi unabanduka na udongo unatoka mkavu kabisa.

Fundi anayejua kazi hafanyi hivyo. Anaosha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi na presha ya kutosha, anaacha ikauke siku nzima au zaidi, anakwangua kutu kwa brashi ya waya hadi aone chuma, anapaka dawa ya kugeuza kutu, anapiga praima. Anafunika breki, egzosi na sensa kwa karatasi. Anahakikisha vile vitundu vidogo vya kutolea maji viko wazi. Ndani ya vile visanduku anapuliza nta kwa mpira mrefu mwembamba, kwa sababu huko ndiko vita viko. Kazi kama hiyo ni ya siku mbili, na inaonyeshwa picha kabla ya rangi kupakwa. Kuna pia hizi aina za mafuta na lanolini, ile grisi inayotoka kwa sufu ya kondoo, ambazo hazikauki zikawa ngumu. Zinabaki laini, zinatambaa zenyewe hadi kwenye mishono, na kama kuna kitu chini yake bado unakiona. Ubaya ni kwamba zinashika vumbi, zinachafua mikono, na inabidi urudie kila mwaka hivi. Hazipendezi kwa video, na nadhani ndio maana huzisikii sana.

Oili chafu ya injini, tafadhali, hapana. Najua kuna wazee wa matatu wanaiapia. Inadondoka barabarani, inavimbisha mipira, na ina kila uchafu uliotolewa kwa injini.

Na je, wewe wa Nairobi unaihitaji hata hiyo nzuri? Kwa wengi wetu, hapana, na hapa ndipo nitaachana na mafundi wengi. Hatuna theluji. Hakuna mtu anamwaga chumvi Waiyaki Way. Gari ikiwa imetoka sehemu kavu ya Japan na bati lake lina rangi ya kiwanda bila jeraha, adui yako mkubwa hapa ni ule udongo mweusi wa Utawala, Ruai, Syokimau na Kitengela. Unashika kwenye madigadi kwa ndani, unakaa na maji yake wiki mbili, na unaziba vile vitundu. Dawa yake ni kuosha. Mwambie kijana wa car wash apige maji chini na ndani ya madigadi, mwongeze chochote kwa hiyo kazi, kwa sababu kwa kawaida wanaosha kile unachoweza kuona ukiwa umesimama. Hiyo pesa ndogo kila baada ya mvua itakufaa kuliko elfu kumi na kitu za rangi juu ya matope.

Pwani ni hadithi nyingine. Mtu wa Nyali, Likoni au Malindi anaishi ndani ya chumvi, hewa yenyewe ina chumvi, na huyo naomba ajilinde vizuri kwa nta au lanolini, gari ikiwa bado nzima. Lakini aangalie pia anaoshewa na maji gani. Visima vingi Mombasa vina maji ya chumvi, na kuna car wash zinayatumia bila wasiwasi. Unalipa mtu akumwagie chumvi chini ya gari kila Jumamosi, halafu mwisho wa mwaka unalipa mwingine aifunike kwa lami. Uliza maji yanatoka wapi. Si matusi kuuliza.

Kwa wanaonunua, hizi ndizo sehemu ambazo bunduki ya rangi haifiki kirahisi. Fungua buti, toa zulia, toa spea, angalia shimo la spea kwa ndani. Vuta ule mpira wa mlango uangalie bati la chini yake. Fungua boneti uangalie vichwa vya saspensheni. Angalia reli za viti na boliti za mikanda. Zikiwa na kutu wakati kila kitu kingine kinang'aa, hiyo gari huenda imewahi kuogelea, na baada ya mafuriko ya 2024 hapa Nairobi si lazima iwe iliogelea Japan. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa, pitisha kwenye kizingiti: juu ya puti nene haishiki. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikize. Bati zima linalia, bati lililokufa linasema "puf". Muuzaji akikukataza kugonga, umeshapata jibu lako bure.

Halafu itisha karatasi ya mnada. Gari nyingi za Japan hupitia mnada, na mkaguzi wa huko hana haja ya kukudanganya kwa sababu hakujui. Kwenye ile ramani ya gari, S ni kutu na C ni kutu iliyokula bati. Kwenye maelezo, tafuta herufi 下廻り au 下回り, maana yake ni sehemu ya chini ya gari, na ukiona zimefuatwa na サビ, hiyo ni kutu. Simu yako itakutafsiria kwa kamera. Omba pia kopi ya cheti cha kuuza gari nje ya Japan; kina namba ya usajili ya kule, na hiyo namba huanza na jina la eneo. Sapporo, Asahikawa, Kushiro, Aomori, Niigata: jua hiyo gari imekula theluji, lala chini uangalie mara mbili. Haimaanishi ni mbovu. Inamaanisha usiamini weusi.

Watasema karatasi imepotea. Ajabu ni kwamba ikiwa na daraja nzuri haipotei, huwa imebandikwa kwa kioo.

Na hili nalielekeza kwa serikali na kwa wenye yadi kwa pamoja. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza kumdanganya mnunuzi kuhusu hali na ubora wa kitu anachouziwa. Puti na wavu chini ya rangi ni udanganyifu kuhusu hali ya kitu, sioni namna nyingine ya kuusoma. Ninachotaka ni kidogo sana: gari kuukuu iuzwe na chini yake wazi. Kama muuzaji anataka kuipulizia, apulize baada ya mimi kuiona, au anipe picha zenye tarehe za chini ilivyokuwa kabla. Haimgharimu kitu. Mwenye gari safi atauza haraka zaidi, kwa sababu chini safi ya kijivu, yenye vumbi la kawaida na boliti unazoweza kuzihesabu, ndiyo tangazo bora la gari lililowahi kuwako.

Nanyi wenzangu wa kutengeneza maudhui, mkipewa hiyo kazi, chukueni, sina shida na mtu kula. Lakini rekodini kukwangua na kukausha kwanza. Kama gereji haina picha ya chuma kilichokwanguliwa, basi mnatangaza kifuniko.

Kama gari yako tayari ilipigwa hiyo rangi kabla uinunue, usikimbie kuibandua yote, utaumia bure. Kesho asubuhi chukua waya mwembamba, inama chini ya milango, tafuta vile vitundu vya kutolea maji. Vikiwa vimezibwa na rangi, vizibue. Maji yakitoka, na hasa yakitoka ya kahawia, peleka gari kwa mtu mwenye lifti, akwangue kizingiti sehemu ndogo ya upana wa kiganja kila upande, na aangalie paipu za breki kutoka mbele hadi nyuma. Fanya hivyo kabla mvua ya Oktoba haijaanza.